Bei ya Ndiyo

Kabla hamjakaa vizuri, niseme wazi: mimi naipenda serikali yangu, na mwenye neno juu ya hilo aondoke sasa hivi, asije akanikatiza katikati ya habari. Nchi yetu sitaitaja jina. Si woga, hasha! Ni kwa sababu jina lenyewe liko sokoni: litabadilishwa kabla ya mwaka kwisha, Ndiyo au Hapana? Leo asubuhi Ndiyo ilikuwa shilingi thelathini na nane. Nikilitaja wataniambia nimeegemea upande, na mimi ni wakala mwenye leseni.

Zamani tulikuwa na Wizara ya Mipango, kama nchi nyingine zilizochelewa. Ilikuwa na mipango ya miaka mitano, na kila baada ya miaka mitano ilikuwa ikituomba radhi. Kisha akaja Mheshimiwa Daktari Ndauka, Waziri wa kwanza wa Matarajio, mtu mwenye tumbo la heshima na jozi mbili za miwani, moja ya kusomea hotuba na nyingine ya kutotazama watu. Alisimama bungeni akasema:

"Waheshimiwa! Kwa miaka arobaini serikali imekuwa ikiahidi na wananchi wamekuwa wakilalamika. Uhusiano gani huu? Kuanzia leo serikali haitaahidi kitu. Serikali itauliza bei!"

Wabunge walipiga meza mpaka glasi ya Spika ikaanguka, na inasemekana kabla haijagusa sakafu watu walikuwa wamekwisha weka fedha, itavunjika au haitavunjika. Ndivyo lilivyozaliwa Soko la Taifa la Utabiri.

Msije mkasema ni kubeti. Kubeti ni haramu, na vijana wa mikeka ya kamari walikamatwa wote siku ile ile. Hii ni kutabiri kwa uzalendo. Linaulizwa swali, tuseme, je, maji yatatoka bombani kesho? Unanunua hisa ya Ndiyo au hisa ya Hapana. Ukipatia, kila hisa inalipwa shilingi mia. Ukikosea, umeichangia nchi yako. Kama Ndiyo inauzwa shilingi kumi, maana yake wananchi wenyewe wana imani kumi tu katika mia kwamba maji yatatoka, sasa serikali ni nani ibishane na wananchi? Kwa hiyo ikapitishwa Sheria ya Heshima kwa Soko: jambo lolote ambalo Ndiyo yake haijafika shilingi hamsini, ni marufuku kulitekeleza, maana ni kupoteza fedha za umma kwa kitu ambacho umma haukiamini. Likivuka hamsini, serikali inalazimika.

Faida zilionekana mara moja. Mkuu wa Majeshi alikuwa akinunua Hapana kila mwezi katika swali la kama atapindua nchi, na kila mwezi alipatia, mpaka akajenga ghorofa. Mawaziri walianza kujiuzulu siku za Jumanne tu, kwa sababu Jumanne ndiyo waliyokuwa wameinunua. Nchi ilitulia sana.

*

Mimi naitwa Shaweji, wakala wa Soko katika Kata ya Mbonde. Nina kibanda cha bati, meza, simu ya serikali, na picha ya Waziri akinyoosha kidole kusikojulikana. Watu wananiita Bwana Wakala. Nikishapita wananiita majina mengine, najua, nina masikio.

Mbonde ina kila kitu isipokuwa daraja. Mto Ngerewe umetuzunguka pande tatu, upande wa nne ni mlima, na kituo cha afya chenye daktari wa kupasua kiko ng'ambo. Kiangazi unavuka kwa miguu, viatu mkononi. Masika mto unajaa, na atakayeugua angoje ukauke, au abebwe. Tunayo machela, kitanda cha kamba chenye miti miwili, na tunacho Chama cha Kufa na Kuzikana. Desturi yetu tangu babu zetu ni hii: nyumba ikiwa na mgonjwa, wanachama sita wananyanyua machela bila kuuliza aliyelala humo ni nani. Anayekwepa hasalimiwi njiani, na akifa atajizika mwenyewe.

Mwaka ule binti yangu Zawena alikuwa na mimba ya pili. Ya kwanza alipasuliwa, mtoto hakupona. Daktari alimwambia, dada yangu, wewe usije ukathubutu kuzalia nyumbani, damu haitasimama. Mumewe alikuwa mbali akichimba mitaro ya nyaya za Soko, kwa hiyo Zawena alikaa kwangu. Siku zake zilikuwa zinaangukia katikati ya masika. Ndiyo maana tulitaka daraja, na tulilitaka kabla ya mvua. Sitaki mtu aniambie tulikuwa na tamaa.

*

Swali la daraja lilikuwapo sokoni siku nyingi: je, daraja la Mto Ngerewe litakamilika kabla ya masika? Ndiyo yake ilikuwa shilingi nne. Hata sisi wenyewe tulikuwa tukinunua Hapana kila mwaka, na kusema kweli Hapana ile ilitulisha sikukuu mbili.

Mwenyekiti wa Chama, Mwalimu Lugome, mstaafu wa somo la hesabu, akaitisha mkutano uwanjani.

"Jamani, hesabu ni hesabu," akasema, akichora kwa kijiti mchangani. "Sheria inasema hamsini. Tukiutoa mfuko wote wa Chama tukanunua Ndiyo, bei itapanda. Ikivuka hamsini, serikali inalazimika kujenga. Ikijenga, tumepatia, kila hisa inalipwa mia. Binti yetu Zawena anavuka kwa miguu yake, na mfuko unarudi umenenepa."

Nilitafuta tundu katika maneno yale, wallahi sikuliona.

Bi. Siwatu, mkunga wetu, ambaye nusu ya waliokuwa pale aliwapokea yeye duniani, akasema kutoka nyuma: "Hizo hela si zinatosha mbao na misumari? Tujenge wenyewe, tuondokane na udhia."

Lo! Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Kujenga daraja lenye bei ya nne? Hiyo ni miaka saba jela. Mwalimu akamwambia kwa upole, "Mama, mambo ya soko tuachie wenye akaunti." Akaunti ni moja kwa kila nyumba, kwa jina la baba mwenye nyumba. Serikali iliamua hivyo ili kuwakinga akina mama na hasara.

"Haya, baba zangu, endeleeni," akasema Bi. Siwatu. "Mimi nitangoja kuitwa mambo yakiharibika, kama kawaida yenu."

Tukanunua. Mfuko wa miaka kumi na tisa uliingia katika simu yangu asubuhi moja. Bei ikapanda kumi, ishirini na mbili, arobaini. Saa sita mchana ikagonga hamsini na tatu. Vigelegele vilisikika mpaka mlimani! Zawena alitoka akacheza uwanjani na tumbo lake, nikamfokea akae chini.

"Niache, baba," akasema, "leo mwanangu ana daraja."

*

Wiki haikwisha, Mheshimiwa Waziri akaja mwenyewe na magari kumi na moja, akaweka jiwe la msingi kando ya mto. Hotuba ilichukua saa mbili.

"Wananchi wa Mbonde, mmeniliza!" alisema, akivua miwani moja na kuvaa nyingine. "Mmeamini! Taifa linajengwa kwa imani, saruji ni nyongeza tu!"

Mwalimu Lugome aliyaandika maneno hayo katika daftari lake.

Watu walipokwenda kula pilau la Waziri, msaidizi wake, bwana mmoja mnene mwenye kitambaa cha kufutia jasho, akaja kibandani kwangu na mabegi mawili.

"Wakala, Hapana ya daraja unauzaje?"

"Arobaini na saba, mzee. Lakini daraja si linajengwa? Jiwe si lile pale? Mtakula hasara bure."

"Mheshimiwa anajiwekea akiba ya uzeeni," akasema. "Wewe uza."

Nikauza. Nilifikiri, maskini, huyu Waziri kweli ana moyo, anatuachia sisi faida yote. Lakini kila hisa aliyochukua ilikuwa ikiishusha Ndiyo yetu. Begi la pili lilipokwisha, Ndiyo ilikuwa shilingi mbili. Siku ya tatu alifika mhandisi na vyombo vyake vya kupimia. Akautazama mto, akaitazama simu, akavikunja vyombo.

"Sheria, mzee wangu," akaniambia. "Iko chini ya hamsini. Nikichimba hapa nafungwa mimi."

Baada ya wiki mbili Mkurugenzi wa Hali ya Hewa, ambaye siku hizo alikuwa hatazami tena mawingu bali hisa zake, akatangaza redioni kwamba masika yameanza. Jua lilikuwa likichoma mpaka kuku wanatweta. Sisi watiifu tukatoka na miavuli. Swali likafungwa siku ile ile: Hapana. Mfuko wote wa Chama ukawa umekwenda. Mwalimu Lugome hakuonekana nje siku nne, na alipotoka alinijia kuniuliza kama hesabu yake ilikuwa na kosa. Nikamwambia haikuwa na kosa lolote, akashukuru.

*

Bado tulikuwa na njia, tena njia nyepesi. Mvua za kweli zilikuwa hazijaanza. Zawena avuke mapema, akakae kwa shangazi yake ng'ambo mpaka siku zake zifike. Alikwisha funga furushi lake la nguo. Hapo ndipo nilipoingiza akili zangu, Mungu anisamehe.

Kila wakala anatakiwa kupeleka makao makuu maswali matatu ya kienyeji kila mwezi, la sivyo leseni inakwenda na maji. Mwezi ule nilikuwa na mawili: je, mbuzi wa Mwalimu Lugome atazaa pacha, na je, paa la shule litavuja? La tatu lilinijia nikinywa uji. Je, mjamzito Zawena wa Mbonde atafika kituo cha afya salama? Nilijiambia, Waziri atamhangaikia mjamzito wa nini? Wakubwa hawatagusa kitu kidogo namna hii. Watanunua wanaomjua na kumpenda, Ndiyo itavuka hamsini, na sheria itailazimisha serikali imletee hata helikopta. Nikalipeleka. Siku ile nilikula vizuri sana.

Jibu likaja baada ya siku mbili, na mhuri. Swali limepokelewa kwa pongezi. Na kwa kuwa mhusika sasa ni mali iliyo sokoni, haruhusiwi kuhama makazi yake mpaka uchungu uanze. Akihama kabla ya hapo atakuwa amevuruga soko, miaka saba kwake na miaka saba kwa aliyemsindikiza.

Nilimsomea Zawena barua yote, pamoja na salamu za mwisho. Kisha akalifungua furushi lake, akaanza kutundika nguo tena, moja moja.

"Kwa hiyo leo nauzwaje, baba?"

"Kumi na moja."

"Kumi na moja!" Akacheka. "Fungu la nyanya ni hamsini. Hata nyanya zinanishinda?"

Nilicheka naye. Halafu nikazunguka nyuma ya nyumba nikalia, kwa sababu mimi ni baba, na leseni haizuii hilo.

Bei haikupanda. Watu wa mji mkuu ambao hawamjui Zawena walitazama takwimu za akina mama wa kata kama yetu, wakanunua Hapana. Mvua za kweli zikaanza, mto ukapanda. Kisha watu wetu nao wakaanza kuja kibandani, mmoja mmoja, wakitazama pembeni. Wa kwanza alikuwa Mwalimu Lugome.

"Shaweji ndugu yangu, usinifikirie vibaya," akasema. "Mfuko hauna kitu. Akifa mtu leo hatuna hata sanda. Nikichukua Hapana kidogo, likitokea la kutokea, tutamsitiri binti yetu kwa heshima. Akifika salama, nimepoteza, na wallahi nitapoteza kwa furaha."

Hesabu hiyo nayo haikuwa na tundu. Nikamuuzia. Nikawauzia wote, nyumba arobaini na mbili. Na kwa kuwa mimi pia ni mwanachama, tena ni mwenye nyumba, nikajiuzia hisa kumi. Hasira zenu kaeni nazo. Mngekuwa mimi mngefanya nini?

*

Uchungu ulimwanza Jumatano asubuhi, tukiwa kwenye chai. Bi. Siwatu alimpapasa tumbo, akanigeukia akasema neno moja tu: "Machela."

Nilikimbia uwanjani nikaita. Msije mkasema wanaume wa Mbonde hawakuja. Walikuja wote, wakaizunguka machela kwenye mvua.

"Sita, jamani," nikasema. "Wakati ndio huu."

Hakuna aliyekataa. Mmoja akasema maji ni mengi, tuyape nafasi kidogo. Mwingine akasema mti mmoja wa machela una mchwa, ukaguliwe kwanza. Mwalimu Lugome aliinama akaushika mti, akauachia, akajifanya anafunga kamba za viatu, naye amevaa kandambili. Mimi nilikuwa nimeushika mti wa mbele kwa mikono miwili. Nilikuwa nangoja wenzangu wanyanyue ndipo ninyanyue. Hivyo ndivyo ninavyojiambia.

Bi. Siwatu akatoka nje, akatutazama uso kwa uso, mmoja baada ya mwingine.

"Enhe! Mmeshamuuza, sasa mnangoja kulipwa?"

Akawaita akina mama kwa majina yao. Wakaja sita, kanga zimefungwa viunoni, hawana akaunti, hawana hisa hata moja. Mke wa Mwalimu alikuwamo. Wakamnyanyua Zawena. Sisi wanaume tukafuata nyuma tukiwaelekeza njia.

Mtoni waliingia mara ya kwanza, maji yakawafika kifuani, wakarudi. Wakaingia mara ya pili, mmoja akachukuliwa na maji, wakamvuta kwa nywele, wakarudi. Walipotaka kuingia mara ya tatu Zawena akasema, "Niteremsheni. Anakuja."

Akina mama walitandaza kanga zao kumzunguka, mvua ikinyesha. Tulisikia kilio cha mtoto, kilio kizuri, chenye nguvu. Nikadhani tumeokoka. Bi. Siwatu akaniita niingie ndani ya zile kanga, na nilipoona rangi ya tope pale chini nikajua daktari hakusema uongo.

"Nani huyo?" Zawena akauliza.

"Msichana, mama," nikamwambia. "Amefanana na wewe."

"Huyu usimpeleke sokoni, baba."

Nikamwahidi. Nilimshika mkono nikamwahidi mara tatu, sijui ya tatu kama aliisikia.

Sheria inamtaka wakala atume matokeo katika muda wa saa moja. Nilikaa kwenye majani na ile simu ya serikali magotini. Wanaume walisimama kunizunguka, wakiitazama simu. Mwishowe Mwalimu Lugome akachuchumaa karibu yangu.

"Zawena wetu hana sanda, Shaweji," akasema.

Nikabonyeza Hapana. Simu zikaanza kulia mifukoni mwao, moja hapa, moja pale, kisha zote: Hongera! Umetabiri vyema. Ya kwangu ililia pia. Akina mama walikuwa wanamfunga Zawena na kanga zao, wakanyanyua vichwa kutazama ni nini kinacholia.

Tulimzika vizuri. Sanda ilikuwa nyeupe, kitambaa cha bei, na watu walikula wakashiba. Hakujawahi kuonekana maziko kama yale Mbonde.

Siku ya tano ikaja barua nyingine. Kwa mujibu wa sheria, mtoto anarithi nafasi ya mama yake sokoni. Je, binti wa marehemu Zawena atafikisha siku arobaini? Sikumpeleka mimi. Nataka hilo lieleweke, mimi sikumpeleka. Nilikifunga kibanda siku mbili. Lakini katika kata nzima hakuna mwanamke anayenyonyesha, maziwa ya kopo yana bei yake, na mimi sina chumo jingine ila kamisheni ya wakala. Siku ya tatu nikafungua.

Mteja wa kwanza alikuwa Mwalimu Lugome. Alikung'uta mwavuli mlangoni, akasimama.

"Pole, Shaweji. Mjukuu anaendeleaje?"

"Anaendelea, Mwalimu. Anakunywa maziwa."

"Mungu amkuze."

"Amina."

Akatazama picha ya Waziri, akatazama meza, akajikohoza.

"Na, samahani, ndugu yangu… hiyo yake inauzwaje?"

"Upande upi, Mwalimu?"

Aligeuka akatazama mvua. Nikamtajia bei.